Akilala Anaondoka, Akiamka Anaondoka

Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwezi wa Juni, wakati Nairobi inapoanza kuwatesa kwa baridi watu wenye asili ya pwani, na tangu usiku wa kwanza alionyesha kwamba kulala hakumo katika mipango yake. Aliamka saa nne. Aliamka saa sita. Saa nane aliamka kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa safari, na saa kumi aliamka kwa furaha, akitaka mazungumzo. Katikati ya saa hizo nilifumba macho nikaota ninafua nepi, kisha nikaamka nikafua nepi.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, na miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni. Tulikaa vyumba viwili ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, kwenye uchochoro unaotokea River Road. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya mawakili upande wa pili wa mji, mtu mpole, msafi, mwenye usingizi ambao sijauona tena kwa mwanadamu mwingine. Mtoto akilia, yeye aligeuka upande. Asubuhi, huku akifunga tai mbele ya kioo, aliniuliza kwa adabu zote, "Amelala vizuri?" Nilimpenda sana, lakini ziko asubuhi nilizoitazama ile tai nikawaza mambo yasiyomfaa mke mwema.

Mamangu alifariki nikiwa na miaka kumi na minne, kwa hiyo wa kunitunza siku zangu arobaini za uzazi alikuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Alipanda treni kutoka Mombasa na vikapu vitatu: kimoja cha viungo, kimoja cha nguo za mtoto, na cha tatu hadi leo sijui kilikuwa na nini kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alikuwa mfupi, mnene, amezaa watoto saba, na hakuna jambo ambalo hakuwa na neno juu yake. Mimi, binti wa mwalimu wa madrasa niliyezaliwa hapa hapa Nairobi, alinitazama kama mtu anavyotazama chapati ya kununua.

"Wewe umezaliwa kwenye baridi," alisema siku ya kwanza, akinikanda tumbo kwa maji ya moto mpaka nikaona nyota. "Utajuaje kulea?"

Nitasema haki yake: alinitunza. Uji wa pilipili manga asubuhi, supu ya kuku mchana, na usiku akanifunga tumbo kwa kanga, akikaza kwa goti. Lakini mtoto hakulala, na mtoto asiyelala katika nyumba ya vyumba viwili ni jambo la watu wote.

Kila mtu alijua sababu. Mwenye duka la chini, mzee wa kutoka Lamu aliyeuza vitambaa na kugawa ushauri bure, alisema maziwa yangu ni mepesi, nile pojo. Mume wangu alisema ni kelele za magari, ambazo yeye mwenyewe hakuwahi kuzisikia. Mwalimu wa msikitini, aliyeitwa na mavyaa bila mimi kuulizwa, aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya waridi, nikayanywa mimi kwa niaba ya mtoto. Yalikuwa matamu. Usiku ule mtoto aliamka mara sita badala ya mara nne, na mavyaa akasema hiyo ni dalili kwamba dawa imekutana na adui.

Yeye mwenyewe alishikilia sababu mbili, jicho na baridi. Kwa ajili ya jicho alifunga kipande cha mvuje ndani ya kitambaa cheusi akamvika mtoto shingoni. Asiyeujua mvuje nitamwambia tu kwamba shetani mwenye pua hakai nao chumba kimoja, na binadamu pia hupata shida. Kwa ajili ya baridi alimvalisha fulana, sweta, sweta ya pili iliyofumwa na shangazi asiyejua vipimo, kofia, na soksi zilizofika mapajani, kisha akamzungushia kanga ya kumbana mikono, blanketi, na juu ya blanketi shali lake mwenyewe. Madirisha yakafungwa yote. Kilichobaki kuonekana cha mwanangu kilikuwa pua na macho mawili yenye malalamiko. Nikimgusa mgongoni nilikuta amelowa jasho, na mavyaa akisema, "Waona? Baridi imeanza kutoka."

Lazima nieleze jambo moja hapa. Katika ukoo wao mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi. Mume wangu alipelekwa kwa bibi yake akiwa na miezi mitatu, akakaa huko mpaka alipovaa suruali ndefu. Bibi huyo ndiye mume wangu aliyemwita "mama" hadi siku alipomzika, na mama yake mzazi akamwita "dada", kama alivyosikia ami zake wakimwita. Nilipoolewa nilidhani ni utani wa mjini. Haukuwa utani, na hakuna aliyeona ubaya wowote. "Mimi nimelelewa na bibi," mume wangu alipenda kusema, "na si nimekuwa mtu?"

Basi jioni moja, arobaini ikiwa imekwisha, mavyaa alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Bila kuinua macho akasema, "Mwana huyu Nairobi haimfai. Yuwaamka kwa baridi. Nikenda zangu nitakwenda naye. Kule kuna joto, atalala."

Mume wangu alikuwa anamenya chungwa. "Sawa, dada," akasema, akaendelea na chungwa lake.

Nilitaka kupiga kelele mpaka mwenye duka apande ngazi, lakini binti wa mwalimu wa madrasa hampigii mavyaa kelele. Nilisema mtoto amelowa, nikamchukua chumbani, nikalia juu ya kofia yake ya sufu. Safari ilikuwa Ijumaa, wiki tatu mbele. Waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, hawakusema lolote juu ya kunyang'anywa mwana mwenyewe kwa sababu hajui usingizi.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa jirani yangu, mke wa fundi wa mabomba. Walikuwa Waluhya, na yeye alifanya kazi ya yaya Hurlingham, kwa Wazungu. Siku nyingine alilala huko huko, siku nyingine alirudi jioni akiwa amebeba keki iliyobaki ndani ya karatasi. Alikuwa mkubwa wangu kwa miaka kumi, na alicheka kwa mwili mzima. Nilipomweleza yaliyonipata alicheka kwanza, ndipo akanihurumia.

"Sikia mimi, mama mtoto," akasema. "Huyu hana jicho. Tumbo yake iko hivi." Akanionyesha ndimu aliyoitoa kwenye kikapu. "Utajaza ngapi hapa? Na maziwa ya mama inaisha haraka, si ugali hiyo. Wewe ukikunywa kikombe moja ya chai saa mbili, utafika asubuhi?"

"Lakini kwa nini usiku? Mchana analala kama mzee."

"Na nani amemwonyesha saa? Miezi tisa amekaa kwa giza. Usiku, mchana, kwake ni kitu moja. Atajifunza polepole. Wangu watano wote walikuwa hivyo."

Nilimwambia mavyaa habari ya ndimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwao hawapimi watoto kwa matunda.

Wiki ile jirani alinipeleka kazini kwake. Nilidanganya nyumbani kwamba nampeleka mtoto kliniki, tukapanda basi mimi na yeye. Sikuwa nimewahi kufika Hurlingham. Nyumba zilikuwa mbali na barabara na mbali zenyewe kwa zenyewe, kana kwamba zimegombana, na ua wa kila nyumba ulikatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi. Tuliingia kwa mlango wa jikoni. Nje, kwenye nyasi, bibi mwenye nyumba alikuwa anakunywa chai na wageni wawili, na mtoto wake, mkubwa kwa wangu kwa wiki chache, alilala kwenye kigari chake cha kusukuma, amefunikwa kitambaa kimoja chembamba.

Jirani alisimama nyuma ya pazia la dirisha la jikoni akasikiliza, mabega yakimtikisika.

"Anaambia hao wageni mtoto yake analala kutoka saa mbili mpaka asubuhi. Kila mtu akikuja anaambiwa hiyo."

"Na analala?"

"Analala wapi! Mimi ndiyo nalala hapo chini kando ya kitanda. Akifanya tu 'e', nishamchukua. Mama yake ako chumba ya tatu, atasikia nini? Asubuhi ananiuliza, amelala? Namwambia, sana, memsab. Anafurahi, na mimi nafurahi."

Nilirudi mjini na basi la saa tisa nikiwa mtu mwingine. Kichwani nilikuwa nimeshapanga kila kitu, na njia nzima nilimbusu mwanangu kipajini mpaka abiria wa pembeni akahamia kiti kingine.

Mavyaa alilala chumba cha mbele, sisi chumba cha ndani, na kati yetu palikuwa na mlango. Usiku ule, aliposinzia, nilimmenya mwanangu kama kitunguu: shali, blanketi, kanga, sweta ya shangazi, sweta ndogo, kofia, soksi. Nilimwachia fulana na shuka moja, nikamweka ubavuni mwangu kwenye joto langu. Kisha nikajifunza dalili zake. Kwanza alikunja ngumi. Halafu alitafuta kwa mdomo, huku na huku. Halafu alivuta pumzi, na baada ya pumzi ndipo kilio. Kati ya kutafuta na kuvuta pumzi nilikuwa na muda wa kuhesabu mpaka tatu, na kabla ya tatu ziwa lilikuwa mdomoni. Mara tano kwa usiku, mara sita, bila sauti. Kabla ya adhana ya alfajiri, mavyaa hajaamka kuswali, nilimvisha tena kila kitu kwa kupapasa gizani, nikalala chali na kufumba macho kwa uchamungu.

"Mbona sikumsikia?" mavyaa aliuliza asubuhi ya kwanza.

"Amelala, mama. Hata kuguna hakuguna."

"Mvuje wangu," akasema, na uso ukamng'aa.

Siku ya nne alianza kujisifu. Siku ya saba wanawake wanne wa mtaa walikuwa wamekuja kuomba mvuje, akawakatia vipande, na wiki nzima uchochoro wetu ulinuka vibaya. Mwenye duka alilalamika kwamba wateja wanashika vitambaa kisha wananusa vidole. Mimi nilikuwa nagonga kuta kwa usingizi, nikatia chumvi kwenye chai mara mbili, lakini nilikuwa nashinda. Mara moja tu nilikaribia kushikwa. Alfajiri hiyo nilimvisha sweta ya shangazi ndani na ile ndogo juu, mtoto akatokea amevimba kama amekula kuliko sote. Nilisema alicheua usiku, nikambadilisha haraka. Mavyaa alinitazama kidogo, akaenda kukoroga uji.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikwisha Jumatano, siku mbili kabla ya treni. Mavyaa alirudi kutoka dukani akaweka mezani chupa mpya ya kunyonyeshea mtoto, yenye mpira wa rangi ya machungwa.

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi wa kumchukua. Mwana wa kunyonya usiku, ndani ya treni ningempa nini? Lakini sasa amekuwa. Anayelala usiku kucha hana haja na ziwa la usiku. Maziwa ya ng'ombe na chupa hii vitamtosha."

Nilikaa kitini. Nilikuwa nimekesha wiki mbili na zaidi, nimevua na kuvisha sweta usiku baada ya usiku, ili nimthibitishie kwamba mwanangu hanihitaji.

Nilivuka korido nikamwambia jirani. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akajifuta machozi kwa aproni. "Basi mwamshe!" akasema. "Leo mwache alie mpaka mwenye duka apande."

Nikamwacha. Usiku ule sikumvua kitu wala sikuhesabu mpaka tatu. Alilia saa nne, akalia saa sita, na saa nane alilia kwa namna ambayo taa ziliwaka nyumba ya pili. Nilikuwa nangoja kwanza mavyaa agonge mlango ndipo nimnyonyeshe, na nikamwomba mwanangu msamaha sikioni kila mara. Baba yake aligeuka upande.

Asubuhi mavyaa alikuwa amejifunga kanga tayari kwa kazi. "Umemsikia? Baridi imerudi na mvuje umechoka. Bora twende upesi."

Hapo nikaelewa nilipofika. Akilala anaondoka, akiamka anaondoka. Mume wangu alikunywa chai yake, akaniambia nisijisumbue, likizo ya Desemba tutakwenda Mombasa tukamwone. Alisema "tukamwone" kwa wema kabisa, kama mtu anayeahidi kunipeleka sinema. Nilimkabidhi mkoba wake bila kumjibu, kwa sababu ningemjibu angechelewa kazini.

Alhamisi ile, baada ya adhuhuri, mavyaa aliketi mkekani akapanga nguo za mtoto ndani ya kikapu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimemshika mtoto, na nilikuwa nimeandaa maneno laini, ya heshima, yenye kuanza na "samahani mama". Alipoikunja ile fulana ndogo, ile niliyokuwa namwachia usiku, maneno laini yakanitoka kichwani.

"Nilikudanganya," nikasema. "Hajalala hata usiku mmoja tangu azaliwe. Anaamka mara tano, na mimi namziba mdomo kwa ziwa kabla hujasikia. Na sweta zako namvua. Na simtoi. Mnichukue na mimi au mniache naye, lakini simtoi, mama. Nitakufa."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Mtoto aliacha kunyonya kidole akanitazama. Mavyaa hakunyanyuka, hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Sweta zote?" akauliza.

"Zote."

"Na mvuje?"

"Mvuje namwachia." Hapo nilidanganya tena. Mvuje nilikuwa nauning'iniza nje ya dirisha kila usiku.

Aliipapasa ile fulana. Kisha akanyoosha mikono. "Nipe mwana. Leo nitalala naye mimi."

Sikupata ujasiri wa kukataa kwa mara ya pili siku moja. Usiku alimchukua chumba cha mbele, akafunga mlango. Mimi nililala nimevaa nguo zangu za mchana, sikio mlangoni, matiti yamejaa na kuuma. Saa nne nikasikia ndara zake zikiburura, huku na huku, huku na huku. Mtoto hakulia. Nikasikia anaimbiwa kwa sauti ya chini, maneno sikuyapata. Saa sita ndara tena. Saa nane mtoto alilia kidogo, akanyamaza ghafla, nami nikasimama na mkono kwenye kitasa. Sikufungua. Nilijiambia, akishindwa ataniita. Akishinda, basi kesho nimemkosa. Nilimwomba Mungu amwamshe mwanangu na nilimwomba amlaze, sala mbili zinazopingana kutoka kinywa kimoja.

Kulipokucha mlango ulifunguliwa. Mavyaa alisimama pale, macho mekundu, kanga imelowa begani na kiunoni, kilemba kimekaa upande. Mtoto alikuwa amevaa fulana tu. Alimtupa mikononi mwangu bila kunitazama, na yule bwana mdogo akaninyonya kama aliyetoka jangwani.

Mume wangu alitokea na mswaki mdomoni. "Amelala vizuri, dada?"

"Nani? Huyu?" Mavyaa alishika kiuno. "Mwana gani huyu! Mara sita! Nimemtia ziwa langu hili kavu, akalivuta mara mbili, akanitazama kana kwamba nimemwibia. Tabia za bara hizi. Simtaki."

"Lakini tulikubaliana..."

"Mlikubaliana na nani? Mimi ni mtu mzima, nataka kulala. Mwacheni na mamake, wamezoeana ujinga." Akaingia kuoga, na nikasikia akimwaga maji kwa hasira iliyozidi kidogo.

Mume wangu alibaki ameduwaa, povu la mswaki likimdondoka kidevuni. Mimi niligeuza uso ukutani ili asinione. Nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na mtoto aliendelea na kazi yake.

Jioni tulimsindikiza stesheni. Vikapu vilikuwa vimebaki vitatu, kile cha nguo za mtoto sasa kimejaa viazi vya bara na kabichi. Mume wangu aliingia na mpagazi kumtafutia kitanda chake, mavyaa akabaki nami kwenye jukwaa. Kulikuwa na watu wengi wanaoagana, na yeye alikuwa anamrekebishia mtoto kofia, akiivuta mbele, akiirudisha nyuma.

"Nimezaa saba," akasema. "Wadhani sikujua? Mwana wa miezi miwili halali usiku kucha. Sijamwona bado, wala bibi yangu hakumwona."

"Kwa nini basi ulikubali uongo wangu, mama?"

"Nilitaka. Ndiyo maana. Mtu akitaka kitu huamini lolote." Aliiacha kofia. "Huyu mumeo nilimtoa ana miezi mitatu. Mavyaa wangu mimi alisema mtoto yuwaamka sana, mimi mdogo, nimekonda, amchukue nipate kulala. Wakanionea huruma wote. Na kweli, kule alilala. Mimi ndiye sikulala. Saa sita naamka, saa nane naamka, saa kumi naamka, maziwa yamejaa, nami sina mtu. Nikayakamua bakulini, nikenda kuyamwaga uani. Miezi mitatu niliyamwaga. Kila usiku nilingoja mtu aniambie, 'Kamchukue mwanao.' Nyumba ya mtaa wa pili tu, mwanangu. Ningekwenda na usiku ule ule, peku. Hakuna aliyeniambia."

Nilimshika mkono, naye akaukaza wangu.

"Jana saa nane aliponililia," akasema baadaye, "nilimsikia vile nilivyotaka kumsikia yule wangu. Haja yangu ikatimia. Haya, huyo dereva atapiga honi."

Mume wangu akashuka akamsaidia kupanda. Alimbusu mkono, akamwambia, "Safari njema, dada," na mavyaa akamshika shavu, akalishika muda mrefu kuliko kawaida yake, mpaka mume wangu akaona haya akatazama viatu. Treni ikaondoka.

Usiku ule mtoto aliamka saa nne, nikamnyonyesha. Akaamka saa sita, nikamnyonyesha. Saa nane, alipokunja ngumi na kuanza kutafuta, sikufungua nguo. Nilimsukuma baba yake kwa kiwiko, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kwa nguvu zangu zote, mpaka akafumbua macho kwa hofu akadhani nyumba inaungua. Nikamwekea mwanawe mikononi.

Alimshika kwa mbali, mikono imenyooka, kama karai la maji ya moto. Mtoto alivuta pumzi yake ndefu, akalia usoni pake, kisha akanyamaza ghafla na kumtazama kwa makini. Mume wangu naye akamtazama. Sidhani walikuwa wamewahi kutazamana saa kama ile. Polepole mikono yake ikakunjika, akamleta kifuani.

"Anataka nini?" aliniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Maziwa," nikamwambia, nikajifunika blanketi mpaka shingoni. "Lakini kwa sasa atakuvumilia wewe."